Mkwe Asiyeshika Simu

Karatasi ilikuwa ya mteja, lakini niliichapisha nakala mbili. Ya kwanza nikampa mwenyewe, ya pili nikaificha chini ya kibodi. Najua si tabia nzuri. Lakini nimefanya kazi kwenye saiba ya hapa Itumbe tangu nimalize Fomu Foo, na ukishinda unachapisha barua za watu, utajua nani ameachwa na nani anaomba kazi ya polisi kwa umri wa uwongo. Kwa kawaida mimi husoma nikacheka. Jumatano hiyo nilisoma, kicheko kikakwama njiani.

Ilikuwa hukumu ya korti. Mama mmoja aligongwa na gari akavunjika mkono, akapata wakili, wakili akachelewa. Hakimu aliandika kurasa sita, ila iliyonikata maini ilikuwa sentensi moja: kesi ya mtu kuumizwa hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na ya mama huyu ilifunguliwa siku kumi na moja baada ya hapo, basi imetupwa. Si kwamba hakuumia. Hakimu alikubali kabisa kwamba aliumia. Alichelewa, ndiyo hivyo.

Nikaangalia kalenda ya ukutani. Babu yangu alibanwa na lori tarehe kumi na tatu mwezi wa sita. Miaka yake mitatu ilikuwa inaisha keshokutwa, Ijumaa.

Huyo babu ni Mzee Onyiego. Mimi humwita sokoro, kwa lugha yetu. Kwa Wakisii, mjukuu na babu ni watu wa rika moja, kwa hiyo naweza kumwambia jambo ambalo baba yangu akilitamka mbele yake, ukoo mzima utakaa kikao. Yeye huniita ndugu yake mdogo, na wageni wakija huwashtakia kwamba nataka kumnyang'anya mke. Mke mwenyewe, magokoro wangu Nyakerario, hujibu kwamba hataki hata mmoja wetu.

Siku ile ya lori alikuwa amepeleka majani chai kituo cha kupimia, akasimama kando ya nguzo akingoja zamu yake. Lori la kokoto, la mfanyabiashara mmoja wa Nyamira, likawa linarudi nyuma ligeuke, dereva simu sikioni. Likambana sokoro kwenye nguzo. Nyonga ikavunjika, na njia ya mkojo ikakatika. Tangu hapo mkojo wake hupitia mrija uliotiwa chini ya kitovu, unaingia kwenye mfuko, na mfuko anauficha ndani ya koti analovaa hata jua likiwaka namna gani. Mrija hubadilishwa kila mwezi. Mara mbili umemletea sumu kwenye damu. Mara ya mwisho, Pasaka, alikuwa na homa siku tatu akiongea na ndugu yake aliyekufa, na mimi nimekaa na beseni nikiitikia kwa niaba ya marehemu. Daktari alisema kuna operesheni ya kuunganisha ile njia. Bila hiyo, figo ndizo zitafuata.

Operesheni ilikuwa inangojea fidia, na fidia inangojea kesi ya kumshtaki mwenye lori. Kwa hiyo kesi ikitupwa, hakimu hataandika kwamba sokoro atakufa, lakini atakuwa ameandika.

Nikampigia wakili wetu. Ikalia, ikakatika. Nikapiga mara kumi na moja. Nikamwandikia kwenye WhatsApp, alama zikageuka buluu. Anasoma! Marehemu hasomi. Nikaandika tena: "Anko, kesi ya mzee imefunguliwa?" Buluu tena. Nikafunga saiba saa tisa bila kumwambia mwenye saiba, nikapanda kilima kwenda nyumbani.

Sokoro alikuwa amekaa nje kwenye stuli, upande mmoja, vile anavyokaa siku hizi.

"Sokoro, mara ya mwisho kuongea na wakili ni lini?"

"Kuongea?" Aliniangalia kama nimemuuliza mara ya mwisho kuogelea ni lini. "Niongee na omoko kuhusu nini?"

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Wakili Ongeri amemwoa Damaris, binti wa ndugu yake sokoro, yule marehemu. Kwetu binti wa ndugu yako ni binti yako, basi Ongeri ni omoko, yaani mkwe. Ajali ilipotokea kila mtu alishukuru kwamba wakili tunaye nyumbani. Sokoro akatia sahihi walipomwonyesha, na hakuna aliyeuliza tena.

"Kuhusu kesi, sokoro!"

"Kesi yangu inahusu wapi?" Akashika koti lake pale chini. "Inahusu hapa. Sasa nimpigie mume wa binti yangu simu nimpe habari za hapa?"

"Miaka mitatu hujampigia hata mara moja?"

"Mimi nilimtumia Damaris salamu," magokoro akasema kutoka jikoni. "Krismasi."

"Salamu za kesi?"

"Salamu za Krismasi."

Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini heshima iliyochanganywa na aibu. Baba mkwe na mkwe hawaketi karibu karibu, hawataniani, hawataji mwili. Nilikuwa naijua tangu utotoni, na nilikuwa nikiicheka. Sikujua kwamba inaweza kuua mtu.

Sikuwaambia kuhusu Ijumaa. Nilisema tu kesho naenda mjini.

Ofisi ya Ongeri iko Kisii, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Karani wake anaitwa Jemimah, na ana uso wa mtu aliyezaliwa akisema "njoo kesho".

"Wakili yuko kortini."

"Nitamngoja."

"Anaweza kuchelewa sana."

"Hata mimi ni mchelewaji, madam. Darasa la nne nilisoma miaka miwili."

Hakucheka. Nikakaa tangu saa tatu. Watu walikuja, wakaambiwa wakili yuko kortini, wakaondoka. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, na kila nikifika ukutani namwona sokoro na homa yake ya Pasaka. Saa saba kijana wa hoteli akapanda ngazi na sahani iliyofunikwa, ugali na managu na samaki mzima, akaipita meza ya Jemimah kuelekea mlango wa ndani.

Nikasimama. "Anko yangu huyo. Lete nimpelekee."

"Wewe!" Jemimah akanipigia kelele, kwa jina nililoandika kwenye kitabu chake cha wageni. "Mose! Rudi hapa!"

Korti gani hii inaletewa samaki? Nikausukuma mlango kwa bega.

Ongeri alikuwa nyuma ya meza, mtu mkubwa mwenye shati jeupe na macho mekundu. Aliponiona alishika ukingo wa meza kama gari limepiga breki. Nikaweka sahani, na kando yake nikaweka ile hukumu niliyoiiba.

"Anko, kesi ya sokoro iko wapi?"

Hakuisoma. Alitazama kichwa cha karatasi tu.

"Naijua tarehe," akasema. "Hiyo tarehe nalala nayo."

"Umeifungua?"

Aliinama, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa faili. Lilikuwa safi, halina hata kona iliyokunjika. Ndani kulikuwa na hati ya madai, imepigwa chapa vizuri kwa Kiingereza. Jina la mzee, tarehe, lori, nguzo, uzembe wa dereva. Kisha sehemu ya majeraha. Ya kwanza, nyonga. Ya pili, njia ya mkojo. Ya tatu, nukta tupu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

"Hii mbona haijaandikwa?"

Akanisukumia barua. Daktari wa kutoa ripoti ya korti alikuwa amempima sokoro zamani, akarudisha jibu: mgonjwa amekataa kujibu maswali matatu, tafadhali wakili amhoji mteja wake mwenyewe. Na maswali yenyewe yako hapo chini. Nilisoma la kwanza nikaangalia dirishani. La tatu lilimhusu magokoro pia.

"Wewe ungeuliza?" Ongeri akasema. Sauti yake haikuwa ya wakili. "Baba wa mke wangu, nimkalishe hapa, nimuulize kama usiku bado ni mwanamume? Nilisema nitatafuta mtu wa kumuuliza. Mwezi ukaisha. Halafu nikawa na aibu ya swali na aibu ya kuchelewa. Namba yenu ikitokea kwenye simu, naigeuza kifudifudi."

"Si ungempa wakili mwingine?"

"Nimwambie mkwe wangu nimeikataa kesi yake? Damaris angekaa na mimi?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali afe kwa heshima."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Nilingoja anifukuze. Alifunika uso kwa mikono yake miwili, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuja kumpata mtu anayejua la kufanya. Kumbe kwenye kile chumba hofu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Huwezi kuifungua hivi hivi, hiyo ya tatu uongeze baadaye?"

"Naweza. Kila wiki nilijiambia hivyo. Lakini lazima aje aape kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na akija nitamtazama na macho gani?" Akapangusa uso. "Na Mose, korti hailipi kitu ambacho hakikuandikwa. Hiyo operesheni yenyewe inasimama juu ya hiyo ya tatu."

"Nipe maswali."

"Wewe ni mtoto."

"Kwako ni mtoto. Kwake mimi ni rika."

Alinitazama kama mtu aliyepoteza funguo mwaka mzima kisha akaziona mlangoni.

"Kesho saa tisa awe hapa," akasema. "Mtandao wa korti unapokea hadi saa sita usiku."

"Sokoro ni Msabato, anko. Ijumaa jua likizama, hata kalamu hashiki."

Alifunga macho. "Basi saa nane."

Jioni ile, kabla ya giza, nilimsindikiza sokoro nyuma ya nyumba kwenye migomba kumwaga mfuko. Hiyo ni kazi yetu wawili. Siku zote naifanya na mzaha, namwambia migomba ya upande huu ndiyo inazaa kuliko yote Gusii, aniuzie hiyo mbolea. Jioni hiyo niliumwaga mfuko tu, nikaufunga.

"Ndugu mdogo, leo umemeza ulimi?"

Nikamweleza yote. Miaka mitatu, kesho, droo, nukta. Nikamwambia maswali ni matatu na ni mimi nitauliza.

Alicheka kwanza. "Unataka kujua kama njia iko wazi umchukue Nyakerario?"

"Sokoro, sifanyi mzaha."

"Wewe? Hufanyi mzaha?" Akanitazama vizuri, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Naamini hapo ndipo aliposhika ukubwa wa jambo. Kama mimi nimeishiwa na mzaha, basi mambo ni mabaya.

Niliuliza la kwanza. Akajibu kwa neno moja. La pili alijibu akiwa ameshika mgomba. La tatu lilingoja mpaka kuku wakapanda kulala. Kisha akaongea, na hakuacha haraka. Niliandika nyuma ya barua ya daktari, mwandiko ukienda juu chini kama njia ya Birongo. Nilikuwa najua sokoro ana maumivu. Sikujua kwamba miaka mitatu amekuwa pia na upweke, hapo hapo, kitanda kimoja na magokoro.

"Nani atasoma hiyo?" aliuliza mwishoni.

"Hakimu. Mawakili."

"Na omoko?"

"Ndiye atakayeipiga chapa."

Alilifunga koti vifungo vyote. "Basi sitaenda," akasema, akaingia ndani.

Sikulala. Asubuhi alikuwa amelala akitazama ukuta. Nikamwambia gari la jirani linakuja saa sita. Nikamwambia kuhusu yule mama wa siku kumi na moja. Akavuta blanketi hadi masikioni. Saa sita gari likaja likapiga honi. Nilikaa chini kando ya kitanda, mtu mzima wa miaka ishirini, nikaanza kulia, na hata sikumficha.

Ni magokoro aliyeingia. Hakusema kitu kuhusu kesi. Alimvalisha viatu. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akafunga kamba. Sokoro akaangalia kichwa chake kilichoinama pale chini, akasema, "Nyakerario, wanaandika hata mambo yako."

"Wameandika kwamba nipo?"

"Wameandika."

"Basi nenda."

Mvua ya Kisii haina adabu. Ilinyesha njia nzima, gari likakwama mara mbili, na tulifika mjini saa kumi na nusu. Ngazi za Ongeri sokoro hangeziweza, na hata angeziweza asingezipanda. Nikamkalisha chini, ofisi ya nyuma ya duka la magodoro, kwa kamishna wa viapo, wakili kijana anayeitwa Ashley.

"Huyu ni binti wa nani?" sokoro akaninong'oneza.

"Ni mtu wa Marani. Hatuna undugu."

"Una hakika?"

"Sokoro, hata ng'ombe wao na wetu hawajuani."

Nikapanda mbio. Ongeri alinyakua karatasi yangu, akaigeukia dirisha, akasoma amenipa mgongo. Shingo yake ilikuwa inabadilika rangi. Kisha akakaa akapiga chapa mwenyewe, Jemimah hakuruhusiwa kukaribia. Saa kumi na moja na robo. Printa ikala karatasi. Nikaifungua, nikaitoa, hiyo angalau ni kazi yangu. Saa kumi na moja na nusu nikashuka na hati, Ongeri nyuma yangu na kitabu cha mihuri, akasimama nje kwenye korido.

Ashley aliipitia. "Mzee anasoma Kiingereza?"

"Anasoma Biblia ya Ekegusii tu," nikasema.

"Basi asomewe na aeleweshwe kabla ya kuapa. Yote. Sipigi muhuri kwa mtu asiyejua anachoapia."

Yote. Mlango wa korido haukuwa na kitasa, ulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia viatu vya Ongeri vilionekana. Sokoro aliviona pia. Tulitazamana. Dirishani mawingu yalikuwa yameanza kupasuka upande wa magharibi, rangi ya embe.

"Soma," sokoro akasema.

Nikasoma, nikigeuza kwa Ekegusii. Lori, nguzo, nyonga. Sauti ilikuwa yangu lakini haikunitii. Nilipofika ya tatu nilishusha sauti, na sokoro akagonga meza kwa kidole. "Soma nisikie vizuri, niko kiaponi." Nikapandisha. Nilisoma kwamba mdai hawezi tena tendo la ndoa. Kwamba ameacha kulala akimgeukia mkewe kwa sababu ya mrija. Kwamba mkewe hajawahi kulalamika, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi ya nyonga. Ashley aliacha kuchezea kalamu. Viatu nyuma ya pazia havikukimbia.

"Ni kweli?" Ashley akauliza.

"Ni kweli," sokoro akasema, akatia sahihi, herufi kubwa kama za mtoto wa nasari.

Ongeri alipandisha hati hizo ngazi tatu tatu, sijapata kuona mtu wa kilo zile akiruka. Mtandao wa korti ulizunguka, ukazunguka. Malipo yanashughulikiwa. Nilisimama nyuma yake nikinusa jasho lake na langu. Saa kumi na mbili na dakika nane, namba ya kesi ikatokea. Tuliisoma pamoja kwa sauti, mara mbili, kama watoto.

Alishuka mwenyewe kumwambia. Alisimama mbali, akautazama ukuta. "Mose, mwambie mzee imeingia."

Sokoro hakungoja nimwambie. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo sijawahi kuona.

"Ongeri. Ile ya tatu umeiandika yote?"

"Yote, baba."

"Vizuri. Sasa nikikupigia utakuwa unajua kila kitu. Hakuna mwingine wa kumtuma."

Ongeri aliinamisha kichwa, na hakusema yuko kortini.

Nilimshika sokoro mkono kumpandisha garini. Ulikuwa moto. Nikaugusa mkono wa pili, kisha shingo. Nilidhani ni mimi niliye baridi, nikapangusa kiganja kwenye suruali, nikagusa tena.

"Sokoro, una homa tangu lini?"

"Ni joto la aibu. Litapoa."

Nikainua koti kidogo. Mkojo ndani ya mfuko ulikuwa mzito, rangi ya chai iliyolala. Meno yake yalikuwa yameanza kugongana, vile vile kama Pasaka.

"Geuza gari," nikamwambia dereva. "Hospitali."

"Mose, jua linazama. Twende nyumbani tufungue Sabato na Nyakerario."

"Mungu mwenyewe akikuona hivi atakushikia mlango wa hospitali."

"Usinichekeshe," sokoro akasema, macho yakijifumba, kichwa kikiniangukia begani. "Mrija unavuta nikicheka."

Lakini mimi sikuwa nimefanya mzaha.